Mkutano wa kijiji, wawakilishi, vikundi vidogo au dodoso? Njia nne za kuwashirikisha wanakijiji kupanga vipaumbele vya utafiti wa afya

Kama una hela kidogo ya utafiti wa afya kijijini, au uko halmashauri na umeambiwa "shirikisheni jamii", au ni mwanafunzi ambae msimamizi wake amerudisha andiko kwa sababu halina sauti ya wanakijiji, basi hii ni yako. Wengi wanakwama hapohapo, wanajua wanatakiwa wawaulize watu ila hawajui waitishe mkutano wa hadhara, waunde kamati, wakae na vikundi vidogo au wapite nyumba kwa nyumba na dodoso. Zote nne zinafanya kazi, na zote zinaweza kukupa orodha nzuri tu kwenye karatasi ambayo ndani yake hamna hata tatizo moja la yule mama anaeishi mwisho kabisa wa kitongoji.

Ila kabla ya kuchagua njia jiulize, ni kitu gani bado kiko wazi kwenye utafiti wako? Kama mfadhili keshaamua ni malaria usiende kijijini kuuliza "tatizo lenu kubwa la afya ni nini", watakwambia maji, watakwambia barabara ya kwenda zahanati, alafu wewe unarudi na malaria yako na wao wanabaki wanajiuliza waliitiwa nini. Waambie tu ukweli, hela hii ni ya malaria, tusaidiane ndani ya malaria tuanze kutafuta jibu la swali lipi. Watu wa vijijini wanaelewa hela ina mipaka, wanaishi nayo hiyo mipaka kila siku. Kinachowachosha ni kuulizwa swali ambalo jibu lake lilishaandikwa mjini.

Na kwa nini tuwaulize? Kwa sababu kwa muda mrefu waliokuwa wanaamua kitu gani kitafitiwe walikuwa mbali sana na wanaougua, hadi miaka ya 1990 ikazoeleka kuitwa pengo la 10/90, yaani asilimia kama 10 tu ya hela za utafiti wa afya duniani inaenda kwenye matatizo yanayobeba asilimia 90 ya mzigo wa magonjwa. Kuumwa na nyoka, ambako mkulima na mfugaji yeyote angekutajia bila kufikiria mara mbili, Shirika la Afya Duniani lilikuja kukuweka kwenye orodha yake ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, wakati makadirio yake lenyewe ni kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali matano yaleyale: nani anasikika (sio nani amehudhuria), mambo gani yanasemeka na yapi yanafichwa, inakula muda na hela kiasi gani, orodha ikishapatikana inamfikia nani mwenye uwezo wa kufanya kitu, na mtafiti akishaondoka kijijini kunabaki nini. Hilo la mwisho watu hulisahau sana.

1. Mkutano wa hadhara

Kwa Tanzania hii tayari iko kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inampa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa ukae walau kila baada ya miezi mitatu. Kenya una baraza la chifu, na Katiba ya 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi kwenye misingi ya utawala. Kwahiyo huanzi na sifuri, ukumbi upo (mara nyingi ni mwembe) na watu wanajua taratibu zake.

Nani anasikika? Kwa wingi wa watu hakuna njia inayoufikia mkutano, lakini angalia nani anainua mkono: mwenyekiti, wazee wanaume, mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa dukani, watu wa chama. Akina mama wanakaa pembeni na watoto mgongoni na wengi wanaondoka kabla ya agenda yako kufika maana kuna jiko linawasubiri. Msimu nao unaamua mengi, mfano bonde la Kilombero wakati wa mpunga familia zinahamia kwenye vibanda vya mashambani wiki na wiki, na ndo hukohuko mbu wanakowala, sasa ukiitisha mkutano kipindi hicho unawapata waliobaki kijijini, wale walio kwenye hatari yenyewe hawapo. Wafugaji pia, hasa pale ambapo wana ugomvi wa ardhi na wakulima, hawaji mahali ambapo wanajua watazomewa.

Yanasemeka yale ya wote: dawa zimeisha zahanati, umbali, gari la wagonjwa halifiki, lugha ya wahudumu. Usiyadharau haya, kuna maswali makubwa ya utafiti ndani yake, mfano kwa nini dawa zinaisha kituo hiki na kituo cha jirani haziishi wakati mgao unafanana. Ya aibu hutayasikia hapa. Nani atasimama mbele ya wakwe zake aseme ana fistula, au ana busha, au watoto wake wameshambuliwa na funza hadi hawaendi shule?

Hela ni kidogo, siku moja au mbili inatosha, ingawa barua za kutoka halmashauri hadi kwa mtendaji zinaweza kula wiki. Ubora wake mkubwa ni kwenye kufika kwa wenye mamlaka: muhtasari unasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, unapanda kamati ya maendeleo ya kata, unaweza ukafika hadi kwenye mipango ya halmashauri kwa njia ambayo ripoti yako haiwezi. Na ukiondoka inabaki kumbukumbu ya watu wengi, mtu yeyote anaweza kusimama mkutano unaofuata na kuuliza yule mtafiti aliishia wapi.

Inamfaa anaehitaji baraka za kijiji kizima, au anaeshughulika na mambo ya huduma yanayomgusa kila mtu, au amebakiza kurudisha majibu tu.

2. Wawakilishi au kamati ya kudumu

Kamati za ushauri za jamii zilishika kasi kwenye tafiti za UKIMWI Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wagonjwa wenyewe walipobana hadi wakapewa kiti. Huku kwetu mfano unaojulikana ni Kilifi, ambako programu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya) imekuwepo tangu 1989 na ina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi wa maeneo yao, wanakutana na wafanyakazi wa kituo mara kwa mara, wanaleta maswali na malalamiko na wanajadili tafiti. Uingereza kuna James Lind Alliance, tangu 2004, wao wanakalisha meza moja wagonjwa, wanaowauguza na matabibu, wanachambua maswali ambayo bado hayana majibu hadi yanabaki kumi ya juu.

Wanaosikika hapa ni wachache lakini wanasikika sana. Mwakilishi mzuri anapita kwenye misiba, visimani, vilabuni, anajua minong'ono ambayo mtafiti hataisikia kamwe, kama ile ya mumiani inayofufuka kila damu ikianza kuchukuliwa. Mambo ya siri yanafika nusu nusu, mama anaweza kumwambia mwakilishi wa kike nyumbani kwake kitu ambacho hatakisema mkutanini, ila kama mwakilishi ni shemeji yake au jirani mwenye mdomo, hatasema. Ndo maana kamati yenye wanaume tupu na wanawake wawili wa kujazia haisaidii.

Muda unaanza mrefu, miezi ya kuchagua, kufundishana, kuzoeana, alafu gharama ndogondogo zinaendelea miaka: nauli, chai, posho, mikutano. Hapa kwenye posho inabidi useme mapema na kwa uwazi, kiasi gani na kwa kazi ipi, kwa sababu mwakilishi anaetegemea posho yako kulisha nyumba atapata shida kukwambia kwamba utafiti wako haufai, na baada ya miaka kadhaa majirani wanaanza kumuona ni mtu wa taasisi na sio wa kwao tena. Vipindi vya uongozi vyenye kikomo vinasaidia.

Orodha yao inafika ndani kabisa ya taasisi ya utafiti, hiyo ndo faida, mradi wakae wakati andiko linatengenezwa na sio baada ya kibali kutoka. Kamati inayoitwa kusomewa utafiti uliokwisha pangwa inafanya kazi nyingine, muhimu, lakini kupanga vipaumbele sio hiyo. Kinachobaki ni watu wanaojua kuuliza: sampuli za damu zinaenda wapi, nani atalipia matibabu mtu akidhurika, majibu yatarudi lini. Mradi ukifungwa ghafla kamati nayo hufa, labda uwe umeiunganisha na kamati ya zahanati iliyokuwepo.

Inaifaa taasisi au mradi wenye miaka mingi sehemu moja. Mwanafunzi wa miezi sita asijaribu, atafute kamati iliyopo aombe kukaa nayo.

3. Vikundi vidogo na kura za maharage

Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndo njia yenye vitu vingi ndani yake na pia ndo inayoharibiwa sana. Unagawa watu kwa jinsia, umri na kazi, akina mama wenye watoto wachanga peke yao, mabinti, wazee, vijana wa bodaboda, wafugaji, wavuvi, kila kikundi watu 6 hadi 12, na muongozaji wa jinsia yao anaeongea lugha yao, kama ni Kisukuma iwe Kisukuma, kama ni Kigiriama iwe hicho. Wanataja matatizo, kila tatizo linachorwa kwenye kadi au linawekewa kitu chini, jani, kopo, jiwe, ili asiyejua kusoma awe sawa na anaejua. Alafu kila mtu anapewa maharage, tuseme 10, anayagawa anavyoona. Kama jambo ni nyeti unaweka makopo nyuma ya pazia au ndani ya nyumba, kila mmoja anaingia peke yake.

Sasa wengi wakishahesabu maharage wanapiga picha wanaondoka, na hapo ndo wanapoteza mali yote, kwa sababu namba inakwambia kipi kimeshinda lakini sababu iko kwenye mabishano. Chukua mambo mawili mawili uulize, kati ya hili na hili lipi lianze, na kwa nini, na uandike hayo mabishano kama yalivyo. Tafiti za Kilombero na kwingineko Tanzania zilikuta kwamba wazazi wengi walikuwa wanaona degedege (ambayo mara nyingi ni dalili ya malaria kali) na malaria ni vitu viwili tofauti kabisa, homa unampeleka mtoto zahanati lakini degedege unaanza kwa mganga wa jadi. Mtafiti anaejumlisha maharage ya degedege na ya malaria kwenye safu moja ya jedwali anakuwa amefuta swali lenyewe, yaani kwa nini mtoto aliye kwenye hatari kubwa zaidi ndo anachelewa kufika hospitali.

Mambo ya aibu hapa ndo nyumbani kwao. Kichocho cha sehemu za siri za wanawake, kwa mfano, dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na mwanamke anaeoga na kufua ziwani anaweza kuzunguka miaka anatibiwa zinaa ambayo hana huku nyumbani anashukiwa uhuni. Hilo halitoki mkutanini. Linatoka akina mama wakiwa peke yao, na mara nyingi sio kikao cha kwanza.

Kwa hiyo muda ni mrefu kuliko unavyodhani, vikao viwili au vitatu kwa kila kikundi, na waongozaji waliofundishwa kweli kunyamaza. Mwongozaji anaemalizia watu sentensi zao anaharibu kila kitu. Kuna ushahidi kwamba kukaa na vikundi kwa muda kuna faida hata nje ya orodha: Makwanpur, Nepal, vikundi vya wanawake vilikuwa vinakutana kila mwezi na muongozaji wa hapohapo, wakitambua na kupanga kwa umuhimu matatizo ya uzazi na watoto wachanga kisha wakitafuta njia zao wenyewe, na matokeo yaliyotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vilikuwa chini kwa asilimia kama 30 kulinganisha na maeneo yasiyokuwa na vikundi.

Udhaifu wake ni kwenye kufika kwa wakubwa. Afisa wa wilaya atakuuliza umeongea na watu wangapi, ukimwambia sitini anafunga daftari. Na vikundi vinapingana, bodaboda wanasema ajali, mabinti wanasema hedhi na mimba za shuleni, wazee wanasema macho na presha. Usitafute wastani! Peleka orodha zikiwa zimesimama bega kwa bega, kila moja na jina la kikundi chake, na uchaguzi ufanyike kwa wazi wakiwepo wao.

Kitu kingine kinachojitokeza sana hapa (ingawa kipo kwenye njia zote) ni kwamba mengi wanayotaja hayahitaji utafiti, yanahitaji huduma. Kama zahanati haina mkunga, hamna cha kutafiti hapo, mkunga aletwe. Gawa orodha mafungu mawili mbele yao: yale ambayo jibu linajulikana yaende halmashauri na barua kabisa, na yale ambayo kweli hakuna anaejua jibu ndo yawe maswali ya utafiti. Ukiyachanganya utaishia kuchunguza upungufu wa mkunga kwa miaka mitatu huku wanawake wanajifungulia njiani.

Ukiondoka kinabaki kikundi, kama ulitumia vilivyokuwepo, vicoba, vikundi vya kusaidiana, vya kanisani au msikitini. Inamfaa anaetafuta sauti za walionyamazishwa, na anaeanza mahali asipopajua.

4. Dodoso la kaya

Unachagua kaya kwa bahati nasibu, wahojaji wanapita na vishikwambi, watu wanapanga matatizo kwa umuhimu.

Anasikika hata mgonjwa aliyelala ndani na mlemavu asieweza kufika mkutanini, hakuna njia nyingine inayomfikia huyu kirahisi namna hii. Ila angalia nani anajibu, ukiacha ijiendee anajibu baba mwenye nyumba na mke yuko uani, kwahiyo chagua mjibuji kwa bahati nasibu ndani ya kaya pia na umhoji faragha. Mambo ya siri yanategemea muhojaji. Tatizo kubwa ni kwamba dodoso linauliza kile ulichokwisha kukifikiria, kama nyoka hayumo kwenye machaguo basi hamna nyoka, na kule kwenye "mengineyo" wahojaji waliochoka hawaandiki kitu.

Hata hivyo usilinganishe dodoso na rejista ya hospitali ukaona ni kitu kimoja, rejista ina waliofika tu. Aliyeumwa na nyoka akafia shamba au akatibiwa kienyeji hayumo.

Ni ghali kuliko zote: mafunzo, usafiri, posho za wahojaji, mtu wa kuchambua data. Lakini namba zinafungua milango. Mradi wa TEHIP, mradi wa Tanzania wa huduma muhimu za afya uliofanyika Rufiji na Morogoro vijijini miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, uliwapa timu za afya za wilaya takwimu za magonjwa na vifo zilizokusanywa kwenye kaya, wakaziweka sambamba na bajeti yao na kuona malaria inapata hela ndogo kuliko mzigo wake, wakabadilisha mipango. Kijijini kwenyewe hata hivyo kinabaki kidogo sana, data zimepanda kwenye seva na watu wameachwa na namba ya chaki mlangoni, hadi wewe uamue kurudi.

Watu huuliza kuhusu dodoso la simu au grupu la WhatsApp. Ni rahisi na haraka, poa kwa wahudumu wa afya ya jamii na viongozi, lakini ukilitumia peke yake umeongea na wenye simu, wenye bando na wenye mahali pa kuchaji.

Inamfaa mwenye hela, anaetaka kushawishi wilaya nzima au wizara, na ambae tayari anajua nini cha kuweka kwenye machaguo.

Uchague nini kwa hali yako

Una muda mfupi na hela ndogo, kijiji kimoja au viwili: vikundi vitatu au vinne vilivyochaguliwa vizuri, alafu upeleke matokeo kwenye mkutano mkuu yathibitishwe. Mkutano uje mwisho, ukianza nao wakubwa watakuwa wameshaweka msimamo na vikundi vitarudia walichosema. Na usitaje hadharani jambo la aibu kwa namna ambayo watu wataweza kukisia kikundi gani kimelitoa.

Uko halmashauri na unaandaa mpango wa mwaka: tumia mikutano iliyopo, lakini omba wanawake na vijana wakae pembeni kwanza nusu saa na wachague msemaji wao. Hii haihitaji hela yoyote ya ziada.

Taasisi yenu itakaa hapo miaka kumi: jengeni wawakilishi, wapeni mafunzo na vipindi vyenye mwisho, na kila baada ya miaka kadhaa fanyeni vikundi au dodoso kwa nje ili kuona kama wawakilishi bado wanabeba yale yanayosemwa mitaani.

Unataka kumshawishi mfadhili au wizara: anza na vikundi upate machaguo kwa maneno ya watu wenyewe, kisha dodoso lipime ukubwa wake.

Eneo lina mgogoro, wakulima na wafugaji, au siasa za uchaguzi zimepamba moto: achana na mkutano wa pamoja kwa sasa, kaa na kila upande kwao, na mtumie muongozaji ambae hana shamba wala ng'ombe pale.

Na kama kwenye bajeti yako hamna hela ya kurudi kutoa mrejesho, punguza vijiji. Kama ulipanga vitano fanya vitatu, zile hela za viwili zikurudishe kwenye vile vitatu ukawaeleze watu kipi katika walivyotaja kimechukuliwa, kipi kimeachwa, na nani aliamua.